Kidole Kilichobaki na Hina

Jumatatu baada ya Idi nilikuwa karakanani, Tabora, nikikitia rangi kidole bandia cha silikoni cha Bi Zuhura, mshonaji wa Ng'ambo, aliyetamani watu waache kuukodolea macho mkono wake uliokosa kidole. Kwa uchovu nililinganisha rangi na kidole chake cha kando bila kufikiri. Kikafanana kabisa.

Baada ya mwezi alirudi, akauweka mkono mezani. Hina ya Idi ilikuwa imefifia vidoleni mwake, isipokuwa katika kile nilichokitengeneza mimi.

"Daktari, jana msibani wameniuliza hiki kimoja kinaolewa lini."

Shahada yangu ilikuwa ukutani, ikinitazama.

Wiki tatu baadaye nilimwandikia: "Bi Zuhura, nisamehe. Kidole kipya kina rangi ya ngozi yako. Cha zamani usikitupe. Kitafaa Idi ijayo."