Vipande vya Tairi

Nilisafiri siku mbili kutoka Tabora hadi Arusha, kumsaidia mhandisi kupima mtikisiko wa mashine kongwe ya kusokota kamba. Kiwanda kilikuwa kikiuzwa. Mnunuzi angeibakiza mashine, pamoja na fundi wake, kama ingestahimili mwendo mkubwa zaidi. Mhandisi aliichora mashine kwenye kompyuta, nayo ikakokotoa kwamba itaweza. Vipimo vyetu vilikataa.

Nilimuuliza fundi kama miguu ya mashine imefungwa kwenye zege.

"Zege lilipasuka zamani, kijana. Nimeweka vipande vya tairi chini ya miguu."

Tukaviingiza kwenye hesabu, na kompyuta ikakubaliana na vipimo: mwendo ule ungeivunja mashine.

"Kwa hiyo mmeifundisha kompyuta yenu kuugua kama mashine yangu," fundi akasema.

Siku mashine ilipokatwa kuwa chuma chakavu, fundi hakuitikia shikamoo yangu. Nilipanda basi, sikurudi Arusha tena.