Kabula hakumwachia mwalimu usukani

Jamani, leo nimerushwa na mdogo wangu wa tumbo moja!

Kabula anajifunza urubani kwenye hizi kampuni mpya za ndege za binafsi. Leo ulikuwa mtihani: mwalimu akigusa usukani tu, Kabula amefeli. Mimi nilikaa nyuma, mwanangu mapajani.

Juu ya ziwa pua ya ndege ikapanda, Kabula akasukuma usukani. Pua ikainama, akauvuta. Kila akirekebisha, inazidi kuyumba!

"Unashindana nayo, binti!" Mwalimu akanyoosha mkono.

"Niachie, mwalimu. Tafadhali."

Kabula akalegeza mikono, akasubiri. (Mimi nilishaanza Baba Yetu.) Ndege ikatulia yenyewe, tukatua salama, mwalimu hajagusa usukani. Amefaulu!

Nimelia, sifichi. Nikamwambia, "Kesho unarusha tena, mdogo wangu. Ila mwanangu anabaki nyumbani."

Mliosema urubani si wa wanawake, nawasubiri hapa mtaani kwetu Pasiansi.