Ukoka wa Kaka Ombati

Mwanangu, nakumbuka kiangazi kimoja cha miaka ya sitini.

Kaka yangu Ombati alikuwa amerudi kwetu Manga kutoka Kericho, alikotunza bustani ya Mzungu. Akapanda ukoka mbele ya nyumba yake. Ukoka gani! Laini, hata nzi akitua anateleza. Watu walikuja kuutazama kama bwana harusi. Tukamsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: akaupanua hadi kwenye migomba.

Sasa, nyumba zetu ziko juu mlimani, chemchemi iko bondeni. Ukishuka kuteka maji ungali kijana, unarudi na mvi. Kule Kericho Ombati alifungua mfereji tu. Hapa mfereji ulikuwa mkewe Kerubo, mwenye mimba ya kwanza, na debe kichwani. Mwanamume kujitwika maji kwetu ilikuwa aibu, basi sote tulimtazama tu akipanda.

"Kerubo, ukoka unakauka," kaka alimwambia.

"Hata mimi nakauka, na sijaona ukinimwagilia!"

Tukacheka. Akashuka tena.

Jioni hiyo aliteleza na debe penye mwinuko. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Nyanya yetu alikesha kitandani pa Kerubo. Kisha akatoka, akamsimamisha Ombati chini ya ukingo wa paa la mabati.

"Mvua yote ya masika ilipita hapa juu ya kichwa chako, ikateremka bondeni. Hukuitegea hata sufuria. Halafu ukamtuma mtoto wa watu akaifuate."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho yake aliwafungulia ng'ombe, wakala ukoka hadi udongo. Kerubo aliwatazama kutoka mlangoni. Hakucheka.

Basi, mwanangu, ukitaka ukoka nyumbani, anza na maji. Funga gata la kukinga maji kwenye paa, weka tangi, chimba makinga maji yashike mvua pale mlimani. Kisha upime: tangi hilo litanywesha kipande gani wakati wa kiangazi? Panda hicho tu, hata jirani akisifu vipi. Na jua likizidi, acha ukoka ukauke. Mvua ikinyesha utachipuka. Mtu hachipuki.

Mungu akunyeshee kwa wakati wake, na wa nyumbani mwako wapande mlima mikono mitupu.