Maili Nne za Margwe

Mwezi ule bendera mpya ilipopanda, wengine walipewa uhuru peke yake. Margwe alipewa uhuru, sururu, beleshi, toroli lenye gurudumu linalolia, na maili nne za barabara. Kipande chake kilianzia kwenye kalavati la kijito, huku Dirma, kikaishia penye jiwe lililopakwa chokaa. Kazi ilikuwa kuziba mashimo, kuzibua mitaro, na kuyazuia maji yasipande juu. Barabara yenyewe ilikuwa ndefu. Ilishuka kutoka Mbulu na Dongobesh, ikakata mbuga ya nyasi chini ya mlima Hanang, ikapita Katesh, kisha ikapotelea kusini ambako Margwe hakuwahi kufika.

Usidhani alikuwa hodari wa kazi kuliko wenzake. Alikuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Mzungu wa mwisho kusimamia barabara ile alimwambia, nadhani kwa mzaha, kwamba ukiishika njia kwenda kaskazini bila kuchoka utafika Misri. Margwe alikuwa amebatizwa, Misri aliijua kwa habari za Farao, hivyo hakuona mzaha wowote. Kuanzia siku hiyo, kiangazi kilipolaza nyasi na vumbi likasimama mbali, aliwaona Waisraeli wakija na punda zao, miguu imepasuka, wanauliza maji. Aliwaelekeza kijitoni. Jioni alimsimulia mkewe, Severina, aliyesoma darasa la nne kwa masista, naye hakumcheka. Aliuliza tu, "Walikuwa na watoto wengi?"

Wao hawakuwa na mtoto. Walingoja miaka kumi na miwili. Mtoto alipokuja, mwanzoni mwa mwaka wa sabini na nne, alilia kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani, wakambatiza Tekla. Margwe alimbeba mpaka barabarani akamwonyesha kaskazini, akamwonyesha kusini, akamwambia kwamba zote mbili ni zake achague. Madereva waliomzoea wakapiga honi. Tekla aliishi wiki saba.

Sasa, kwa Wairaqw wa siku zile, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga iliingia metimani. Ilijitenga. Kwa mwaka mzima wenye nyumba hawaendi kwa jirani, hawachoti maji pamoja na watu, hawakanyagi njia ya watu, maana kifo kimewashika miguuni na kinaweza kumhamia mwingine. Hakuna anayekuja kuwapa pole. Si roho mbaya, ni hofu, na hofu ya mwenye watoto haina dawa. Wahenga walisema kilio cha wengi ni harusi. Kilio cha watu wawili kilimani hawakukisemea.

Severina aliingia ndani. Margwe naye akabaki na swali ambalo hakuna mzee aliyewahi kuulizwa. Alikwenda kulitafutia jibu kwa baba yake mdogo, Basili, akasimama mbali, ng'ambo ya shamba la mahindi, akapaza sauti.

"Shikamoo, baba mdogo!"

"Marahaba. Simama hapo hapo."

"Nauliza. Barabara ya serikali nayo ni njia ya watu?"

"Wanapita nani? Mbuzi peke yao?"

"Lakini ni ya serikali, baba. Haina ukoo."

"Serikali haifiwi? Watu wanapita pale na watoto mgongoni, Margwe. Ukikanyaga, nani atapita nyuma yako? Na akifa mtoto wa mtu, atasemwa nani?"

Hapo ndipo alipokwama. Asipofanya kazi, kipande kitapewa mtu mwingine, na Margwe bila maili zake nne alikuwa nani? Akifanya, hatakuwa na jirani tena maisha yake yote. Aliwaza siku tatu. Siku ya nne akapata jibu ambalo, nakuambia kweli, lingeweza kutoka katika kichwa kile tu: watu wanapita juu ya barabara, hakuna anayepita mtaroni. Basi akashuka mtaroni.

Miezi minane alifanya kazi humo. Alifunga beleshi kwenye mti mrefu, akaziba mashimo ya kando kwa kunyoosha mikono. Mitaro aliifagia kama ua wa padri. Lakini katikati ya barabara mkono haukufika, na katikati ndiko malori yalikokanyaga. Juu ya kalavati shimo likaanza, dogo, la kuwekea chungu. Alilitazama kila siku likikua.

Mle chini dunia ilikuwa nyingine. Uso wake ulikuwa sawa na barabara, akawa anaona miguu tu. Kwato za ng'ombe wa Wabarbaig zilipita polepole asubuhi nzima, vumbi likiwa la dhahabu katikati yake. Miguu ya wanawake waendao sokoni ilikuja ikizungumza, ikifika usawa wake ikanyamaza na kuharakisha. Alimjua Perpetua, mke wa Basili, kwa kidole kilichopinda. Kidole kile kilisita kidogo kila kilipompita, kisha kikaenda. Mchana wa jua kali Waisraeli walirudi, naye akaona miguu yao peke yake. Safari hii alitafuta kati ya nyayo zile nyayo ndogo kuliko zote. Hakumsimulia Severina. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni huko juu, anaitazama barabara ile ile, na kila mmoja alijua mwenzake anatazama nini.

Mwezi Septemba msimamizi wa barabara alifika na Land Rover. Alikuwa Hatibu, Mrangi wa Kondoa, mtu mzito asiyependa maneno.

"Ndugu Margwe, toka huko tuongee."

"Siwezi, ndugu msimamizi. Nimefiwa."

Margwe akaeleza akiwa mtaroni. Hatibu alichuchumaa ukingoni akasikiliza mpaka mwisho. "Kwetu mjane anakaa eda," alisema. "Anakaa ndani, sawa, lakini watu wanakwenda kumwona." Akatazama mtaro uliong'aa, akatazama shimo, akatikisa kichwa. "Mitaro kama hii sijaona. Shimo kama lile pia sijaona. Mvua zikianza, lori likikwama pale, kipande nampa mtu mwingine. Usije ukasema sikukwambia."

Mvua ziliwahi mwaka ule, na zilikuja pamoja na Operesheni Vijiji. Amri ilikuwa kila mtu ahame kilimani ashuke kukaa kando ya barabara, nyumba kwa mistari. Mabati, vitanda, kuku na vikongwe vilipakiwa katika malori. Margwe na mkewe hawakuwa wamefikiwa bado. Labda wagawaji wa viwanja nao waliogopa.

Asubuhi moja lori la Hamis, mfanyabiashara wa Katesh, liliteremka limejaa watu wa mtaa wao. Margwe alikuwa chini ya kalavati akitoa matawi. Alisikia injini ikilia, akasikia kishindo, kisha makelele ya wanawake. Gurudumu la nyuma lilikuwa limezama lote katika shimo lake. Lori liliinamia upande wa kijito, na maji ya mlimani yalikuwa yameshaanza kuwa mekundu kwa udongo na kupanda.

Aliona watoto juu ya magunia. Alimwona Basili ameshika nguzo ya lori. Macho yao yakakutana, na Basili akatikisa kichwa: usikanyage.

Margwe akapanda.

Hakukimbia. Aliweka mguu mmoja juu ya barabara, kisha wa pili, na wengine mle ndani wakawaficha watoto nyuso. Akaanza kujaza mawe chini ya gurudumu. Jiwe la kwanza, la pili, la tano. Hakuna aliyeshuka kumsaidia, maana ardhi ile sasa aliikanyaga yeye. Alijua kipande kimekwenda, na majirani wamekwenda, na alikasirika, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alikasirika mpaka meno yakauma.

Kisha jiwe likaanguka karibu yake ambalo hakulibeba yeye. Severina alikuwa ameshuka kilimani, peku, kanga imelowa. Miezi minane hakuna aliyekuwa amemwona, alikuwa amekonda. Alikwenda kuchukua jiwe jingine.

Hamis akakanyaga mafuta. Lori likatikisika, likapanda, likasimama sawa barabarani. Watu wakashusha pumzi. Margwe akamshika mkewe mkono warudi mtaroni kuwapisha.

"Ngojeni," mtu akasema.

Perpetua alikuwa anateremka. Alishuka kwa kinyumenyume, akitafuta pa kukanyaga kwa kidole kile kilichopinda.

"Mama Lukasi, rudi!" Basili alifoka. "Unataka kutuua?"

"Nirudi wapi? Nyumba yangu wameshaibomoa." Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Severina, akamshika mabega. "Mwanangu, pole," alisema. "Poleni kwa Tekla. Siku aliyozaliwa tulimsikia akilia mpaka kwetu. Halafu tukasikia kimya, na hatukuja."

Tangu siku ya kuzika hakuna mtu mwingine aliyelitaja jina lile. Severina aliweka kichwa kifuani kwa yule mama. Margwe yeye alikaa chini, palepale katikati ya barabara, matope mpaka kiunoni, akalia kwa sauti kama mtoto, bila aibu yoyote. Mwanamke mwingine akashuka. Kisha mwingine, na mtoto mgongoni.

Hamis akatoa kichwa dirishani. "Jamani, twendeni! Mvua hiyo inakuja!"

"Subiri wewe," Perpetua akamjibu bila kugeuka. "Kuna msiba hapa."

Hamis akautazama mlima, akamtazama yule mwanamume aliyekaa njiani, akazima injini. Kisha akashuka, akavua kofia, akaja kutoa pole.