Kichanja Alichokipanga Mama kwa Mkono wa Kushoto

Nilikuwa na miaka kumi na moja mama alipopooza. Ilikuwa asubuhi, amekaa kwenye kibao mbele ya jiko la mkaa nje ya mlango wetu wa mbele, anachoma vitumbua vya kuwauzia watu waendao kazini. Mimi nilikuwa nimemshikia sahani. Upawa ukamtoka mkononi, rojo likamwagikia mkaa, akanitazama kama mtu anayetaka kuniita lakini jina langu limempotea. Halafu akalala ubavu, taratibu, kama aliyechoka tu.

Alikaa hospitali wiki tatu. Aliporudi, mkono na mguu wa kulia vilikuwa havina kazi, na maneno yalikuwa yamekwisha. Alibaki na sauti moja tu, "e", aliyoitumia kwa ndiyo, kwa hapana na kwa kiu.

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, mitaa michache kutoka sokoni. Babu alimwachia baba. Ilikuwa nyumba kama zote za mtaa ule: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na mwisho wa ukumbi mlango wa kutokea uani, kwenye jiko, bafu na choo. Chumba chetu kilikuwa na dirisha dogo lililotazamana na ukuta wa jirani. Humo ndimo mama alimokuwa akilala, asubuhi mpaka jioni, uso ameuelekeza ukutani.

Jioni moja baba alirudi kutoka bandarini, vumbi la katani bado limemganda mabegani. Alikuwa mchukuzi wa mizigo. Akamtazama mama, akaniuliza, "Leo ametoka nje?"

"Hajatoka, Baba."

"Jana?"

"Hajatoka."

Alikwenda uani, akasimama pale akigeuka huku na huku, hata muadhini alipoadhini magharibi alikuwa bado amesimama.

Jumapili, siku yake ya kupumzika, alinipa vipande vya mkaa. Akaniambia niangalie kivuli cha ukuta na cha jiko kinafika wapi asubuhi, adhuhuri na alasiri, na kila mara nipige mstari chini. Nilikuwa sijui kwa nini, lakini nilifurahi kupewa kazi na baba. Alasiri tuliitazama mistari yote pamoja. Akaniambia, "Saa nane jua linapiga kote. Hakuna pa kumweka." Akafikiri. "Basi kivuli tutakijenga wenyewe."

Kazi haikuwa nyepesi, kwa sababu ua haukuwa wetu peke yetu. Chumba cha pili mkono wa kushoto tulimpangisha mwenye duka dogo pale sokoni, mtu wa Kilimanjaro, pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Mke yule na mama walikuwa hawasemezani. Miezi michache kabla ya maradhi, mama alianika unga wa mchele kwenye ungo, jirani yule akaanika nguo za mtoto wake kwenye kamba juu yake, maji yakautonea unga wote. Mama aliing'oa ile kamba kwa hasira, nguo zikaanguka mchangani. Tangu siku hiyo wakawa wanapishana ukumbini kila mmoja anatazama pake. Mama alipopatwa, jirani alifika mlangoni kwetu, akasema hodi kwa sauti ndogo, akaniachia bakuli la mtori wa ndizi, akaondoka kabla sijamkaribisha.

Boriti nne baba alizinunua karibu na Magogoni, akazileta kwa mkokoteni aliouazima. Fito na makuti alivitoa upande wa Mchikichini, makuti ameyabeba kichwani safari mbili. Siku ya kuchimba mashimo, alikuja chumbani akamwambia mama, "Twende ukanionyeshe."

Alimbeba mikononi kama abebwavyo bibi harusi, akapita naye ukumbini mbele ya wapangaji. Mama aliuficha uso begani kwa baba. Nilitangulia na kiti. Alipowekwa kitini katikati ya ua, mwanga ulimpiga, akafumba macho, machozi yakamtoka. Mpaka leo sijui kama yalikuwa ya jua au ya kitu kingine.

Baba alichomeka kijiti ardhini, karibu na ukuta wa bafu. "Nguzo ya kwanza hapa?"

Mama akatikisa kichwa. Akauinua mkono wa kushoto, kisha akaushusha upesi. Nikafahamu kuwa anaona haya. Alikuwa mtu wa adabu, na kumwonyeshea mtu kwa mkono wa kushoto, kwake ilikuwa aibu kubwa.

Baba alichuchumaa mbele yake. "Mwenzangu, onyesha tu. Huo ndio mkono tulio nao."

Akaonyesha. Baba akakihamisha kijiti. Akatikisa kichwa tena. Baba akakihamisha. Mara nne alikihamisha, na mara zote nne hakuguna. Sikuwahi kumwona na subira namna ile. Mwishowe mama akatoa ile sauti yake, "e", na mkono ukatulia. Nilikwenda kukaa chini penye kijiti nione anachokiona. Kutoka pale, mlango wa jikoni ulikuwa kushoto, na mbele ukumbi wote ulikuwa wazi, moja kwa moja hadi mlango wa mbele, hadi barabarani wanakopita watu. Aliteua mahali pekee uani ambapo mtu aliweza kuona nyumba nzima bila kusimama.

"Baba," nikasema, "anataka kuona barabara."

Baba alikuja akachutama kando yangu, akatazama. "Kweli kabisa," akasema. "Mimi nilikuwa nampeleka akatazame bafu."

Nguzo zikasimama. Kando ya ukuta baba alijenga baraza fupi ya mawe na saruji. Kabla ya kuijenga, alichukua uzi akampima mama kutoka goti mpaka unyayo, akapiga fundo, na kimo cha baraza kikawa kimo cha lile fundo, ili akikaa miguu yake isining'inie. Sakafu aliimwaga na mteremko kidogo, maji yasisimame. Kwenye mlango wa kutokea uani alikivunja kizingiti, akaweka mwinuko laini, mguu wake mzito usijikwae.

Likabaki paa. Jumapili iliyofuata baba alimkalisha mama barazani, akapanda na makuti. Aliezeka safu ya kwanza, akaezeka ya pili, na uso wa mama ukaanza kubadilika. Alipofika safu ya tatu, kivuli kizito kikamfunika, mama akaanza kupiga baraza kwa kiganja. "E! E! E!"

"Nini?" baba akauliza kutoka juu.

"E!" Alikuwa analia sasa, anapiga, anaonyesha juu.

Baba alishuka. Nilimwona usoni kwamba ameumia. Alikuwa ameyabeba makuti yale kichwani, mchana, baada ya wiki nzima ya kubeba magunia ya watu. Akasema kwa sauti ambayo sikuizoea, "Basi mimi sijui unataka nini, mwenzangu." Akaketi chini, akatugeuzia mgongo.

Mlango wa ukumbi ukasogea. Jirani alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, beseni la nguo kiunoni. Alikuwa amesikia yote. Alisita, kisha akashuka uani, akaenda mpaka alipo mama, akainama kidogo.

"Shikamoo, dada," akasema.

Mama aliacha kupiga baraza. Ulimi ulihangaika mdomoni, hakuna kilichotoka. Jirani aliitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa.

"Shemeji," akamgeukia baba, "huyu amelala miezi gizani. Ukimfunika na makuti umemrudisha kule kule chumbani. Anataka aione mbingu."

Mama akasema "e" mara moja, taratibu, na mkono wa kushoto ukashuka mapajani.

Baba alitazama juu, akatazama mistari ya mkaa iliyokuwa bado haijafutika vizuri. "Na jua la saa nane?"

"Kwetu," akasema jirani, "mama yangu aliacha pasheni itambae juu ya miti. Kivuli chake hakina giza. Jua linapenya vipande vipande. Mbegu ninazo, nilikuja nazo. Nilikuwa sina pa kuzipanda."

Baba aliyabomoa makuti aliyoyaezeka. Akapanga fito tupu kwa kuziachanisha upana wa kiganja, akazifunga kwa kamba ya makumbi. Tulikiita kichanja, hatukuwa na jina jingine. Jirani alipanda mbegu zake chini ya nguzo mbili, na kwa sababu pasheni haikui kwa siku moja, alitoa fikira nyingine: tutandaze kanga. Nilifungua sanduku la mama, nikazitoa kanga zake zote, hata zile za harusi, tukazifunga juu ya fito. Mwanga ulipita ndani yake ukashuka mwekundu, wa manjano, wa buluu, ukamwangukia mama mikononi. Alikuwa anageuza kiganja chake kizima, anakitazama kinavyobadilika rangi.

Kabla jirani hajaondoka, mama alimshika upindo wa gauni. Akaonyesha lile beseni la nguo, halafu akaonyesha nguzo ya pembeni. Jirani hakuelewa. Mama akaonyesha tena, beseni, nguzo, kisha nguzo ya pili. Mimi nilielewa kabla ya wote, kwa sababu nilikuwepo siku ile kamba ilipong'olewa.

"Anakwambia uifunge kamba yako hapa," nikasema.

Jirani aliziba mdomo kwa mkono. Akaketi barazani kando ya mama, mtoto mgongoni. Tangu siku ile nguo za mtoto yule zilianikwa kwenye kichanja chetu, na matone yake yalipomwangukia mama alicheka.

Masika yalipopita, pasheni ilikuwa imeshafika juu. Mama akajifunza kusimama, kwanza akiishika nguzo ya upande wa jikoni, halafu akivuka kwenda kwenye ya pili. Mtoto wa jirani naye alikuwa katika umri huo huo wa kujaribu miguu, hivyo walijifunza pamoja, huyu ameshika nguzo hii na yule ile, wakitazamana. Mtoto alimtangulia mama kwa wiki mbili hivi. Siku mtoto alipovuka bila kushika, mama alimpigia vigelegele vya upande mmoja wa mdomo, tukatoka mbio sote vyumbani.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni baba. Hakuwa msemaji. Zamani akirudi kazini alikula, akaswali, akalala. Sasa, kwa kuwa mama hasemi, akaanza kusema yeye. Alikaa barazani kila jioni kabla ya magharibi akamhadithia ya bandarini: nani amegombana na nyapara, meli gani imetia nanga, gunia la mchele lilivyopasuka wakaogelea ndani yake. Mama alimsikiliza, anamenya kunde kwa mkono mmoja, bakuli amelibana magotini. Maneno yalikuwa yanamrudia mojamoja wakati huo. "Maji." "Njoo." Jina langu, nusu yake.

Jioni moja baba alikuwa anasimulia juu ya mchukuzi mwenzake aliyeanguka baharini na kofia yake ikabaki inaelea. Alikuwa amefika kwenye kofia. Mama aliliweka bakuli chini, akamgeukia, na kwa sauti nzito, neno baada ya neno, akasema, "Hiyo ulishasimulia."

Jirani, aliyekuwa jikoni, alitokeza kichwa. Mimi niliuacha mchele unaungua.

"Umesema nini?" baba akauliza.

"Juzi," mama akasema.

Baba alicheka hadi akajifuta macho kwa shati. "Sema tena," akamwambia. "Nigombeze tena, mke wangu."

Mama aliishi miaka tisa baada ya hapo. Hakupona kabisa, mkono wa kulia haukurudi, na vitumbua nilivichoma mimi, yeye akinielekeza kutoka barazani. Jirani na mumewe walihamia nyumba yao wenyewe Ilala, lakini Ijumaa haikupita bila yeye kuja, na nikiwa mwari walikuwa yeye na mama walionisugua mwili kwa singo, manukato ya bibi harusi, chini ya kichanja, siku tatu kabla ya harusi yangu. Pasheni zilikuwa zimeiva. Moja ilianguka kwenye bakuli la singo, na mama akaiokota, akaipasua kwa meno, akanipa nusu.