Karatasi Iliyolala Wiki Sita

Dobi, mama anayefulia watu nguo, alikohoa miezi mitano, na zahanati binafsi ya mtaani kwao ikawa inampa dawa ya kikohozi, chupa baada ya chupa. Mwishowe wakampima makohozi. Wiki sita zikapita kimya. Aliporudi kuuliza, alikuwa amebaki mifupa na ngozi.

Mhudumu alifungua droo, akatoa karatasi. Ilisema kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida.

"Tulikuwa tunakusubiri, mama."

"Simu yangu mnayo. Mlinipigia lini?"

"Dawa zake ziko hospitali ya serikali. Sisi hatuhusiki."

Hospitali yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara. Dobi alivuka na karatasi yake mkononi. Muuguzi wa kitengo cha kifua kikuu aliisoma, akashika kichwa.

"Wiki sita? Unalala chumba kimoja na nani?"

"Na binti yangu."

Mtoto alipimwa, naye akakutwa na ugonjwa huo. Alikuwa na miaka tisa. Dobi alilia, na machozi yale yalikuwa ya hasira tupu.

Mama na mwana walimeza vidonge miezi tisa, wakapona. Lakini binti alirudia darasa kwa masomo aliyoyakosa, na hakuna aliyewaomba radhi.

Sasa kila Jumatatu, kabla ya kufua, Dobi huingia zahanati ile na kuuliza kama wameshampigia yule muuguzi wa hospitali kuhusu majibu ya vipimo vya makohozi ya wiki iliyopita.

"Hii si kazi yako, mama," mhudumu alimwambia juzi.

"Najua. Ni yako. Piga simu, nakusubiri."

Akavuta kiti, akaketi. Mhudumu akapiga.