Kiangazi kwenye Mji wa Theluji

Mwaka ambao Doha ilikuwa ikichimbwa kila upande kwa ajili ya njia za treni, waajiri wangu walilikimbia joto la kiangazi, wakanichukua hadi mji mmoja wa milimani Ulaya, ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Nilipelekwa kwa ajili ya binti yao wa miaka mitatu. Nilimlea tangu akiwa mchanga. Nyumbani kwao Al Rayyan, kando ya Doha, aliniita Dada, na usingizi hakuupata ila mgongoni kwangu.

Theluji yenyewe haikuwapo. Viti vya kuwapandishia watu mlimani vilining'inia kwenye nyaya, vitupu, na chini yake ng'ombe walikula majani mabichi. Ningezaliwa ng'ombe wa kule nisingelalamika.

Tatizo lilikuwa Madam. Huko Doha alikuwa mtu wa ofisi. Kule hakuwa na kazi, basi akaamua kuwa mama. Alimvisha mtoto, akamlisha, akamwogesha. Akaniambia, "Wewe pumzika tu, habibti."

Nikapumzika huku roho ikiniuma. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Wa yaya hakuna aliyewahi kuuuliza.

Siku moja ya mvua tuliingia kwenye makumbusho madogo ya mji. Madam akanisomea maandishi ya ukutani: kabla ya hoteli, hapo palikuwa kijiji cha wafugaji maskini, na kila kiangazi watoto wao walivushwa mlima kwenda kutumika katika nyumba za wenye nacho. Pichani, msichana mwembamba alibeba mtoto asiye wake. Labda wajukuu zake ndio waliotukodishia vyumba. Niliwaonea wivu na hao.

Tulipotoka, mtoto aliteleza kwenye ngazi. Nikachutama, mikono wazi. Akanipita akilia, akajitupa kifuani kwa mama yake.

Tuliporudi Doha, Madam alirudi ofisini, na asubuhi hiyo hiyo mtoto akaja kugonga mlango wangu. Nilimpakata nikijiona mshindi.

Jioni nikapiga simu kwetu Kakamega, kwa mdogo wangu anayenilelea mwanangu.

"Huyu kijana wako alianguka jana akitoka shule," akasema. "Lakini usijali. Nilimbeba mgongoni mpaka akalala."

Wivu ukanishika upya, safari hii juu ya ndugu yangu wa damu. Nikamshukuru, kisha nikauliza kama mvua imenyesha.